Mapigo Matatu ya Kufunga

Shangazi yangu ni mwoga. Nasema hivi mbele yake na hakasiriki. Ataendelea kushona, uzi mdomoni, kisha atanijibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na kwamba yeye kicheko kinamtosha. Anaogopa radi. Anaogopa lifti. Jiko la gesi huliwasha akiwa amesimama nje ya mlango wa jikoni, mkono tu ndio uko ndani. Anaogopa bata. Bata! Nimewahi kumwona akizunguka mtaa mzima kwa sababu bata mmoja alikuwa amejikalia njiani.

Na mtu huyuhuyu alifanya kazi miaka ishirini na miwili juu ya mnara wenye ngazi tisini na nne.

Kulikuwa na bustani ya michezo nyuma ya mtaa wetu, na katika bustani hiyo mchezo uliovuta watu ulikuwa mmoja tu: Joka. Lilikuwa bomba la plastiki ngumu, la kijani, mtu mzima anaweza kukaa ndani yake akainamisha kichwa. Lilishuka likijiviringisha kutoka kilele cha mnara hadi kwenye bwawa. Uliingia mkiani, maji yakakusukuma gizani, ukatemwa mdomoni katikati ya meno meupe, unapiga kelele na huna habari. Shangazi alisimama mkiani akiwaachia watu mmoja mmoja. Kando ya bwawa alisimama mwenzake, akiwatoa majini. Wafanyakazi waliwaita Juu na Chini, na majina hayo yakawaganda. Mpaka leo mimi namwita yule mama Mama Chini.

Aliye juu hakuweza kumwona aliye chini, kwa sababu mwili wa Joka wenyewe uliziba. Wenye bustani waliwapa redio za mkononi, zikaingia maji wiki ya kwanza. Basi wakajitungia utaratibu wao. Kila mmoja alikuwa na kipande cha nondo. Mtu akishatolewa bwawani, Mama Chini aligonga nguzo ya ngazi mara mbili: pako wazi, lete mwingine. Jioni, Shangazi akishahakikisha hakuna aliyebaki, aligonga mara tatu ile pete ya chuma iliyozunguka mkia wa Joka: hakuna mtu tena, funga. Mlio wa pete ulipita ndani ya bomba lote ukatokea mdomoni, mzito, tofauti kabisa na wa nguzo. Ndipo Mama Chini alipofunga maji. Bila mbili, Shangazi hakuachia mtu, hata awe meneja mwenyewe amekaa na kaptura yake ananung'unika. Bila tatu, Mama Chini hakutoka bwawani.

"Ndiyo maana kule juu sikuogopa," Shangazi aliwahi kuniambia. "Uoga wangu nilimpa yeye anishikie."

Mimi ndiye mtu wa mwisho kuingia Joka.

Nilikuwa na miaka tisa. Bustani ilikuwa imechoka. Wakaguzi walikuja na daftari zao, wakazigusa nguzo kwa vidole, kutu ikawabaki mikononi, na wenye bustani wakatangaza kwamba Jumapili ile ndiyo ya mwisho. Miaka yote Shangazi alikuwa amenikatalia. Siku hiyo nilimlilia tangu asubuhi, na jioni, foleni ilipoisha, akalainika. Mbili zikagongwa. Akanibusu utosini, akaniambia, "Kunja mikono kifuani, usifumbue mdomo," akaniachia.

Pampu ilikata roho nikiwa kona ya pili kutoka chini. Maji yakanipita, yakaisha. Nguo yangu iliyolowa ikaganda kwenye plastiki na nikasimama hapo, gizani, nimelala chali, dari iko kiganja kimoja kutoka puani mwangu. Nikaita. Sauti yangu ikaenda pande zote mbili ikarudi haina mtu. Sitaki kuieleza zaidi. Mpaka leo naoga mlango wazi, na kama nyumbani hawapendi, watazame kwingine.

Baada ya muda ambao sijui urefu wake nikasikia ngo, ngo. Mtu anagonga ukuta wa bomba kwa ngumi, mara mbili, kisha anatambaa, kisha mara mbili tena. "Pako wazi, mwanangu. Njoo. Mama yuko hapa." Mkono ukanishika kisigino. Mama Chini, mwili wake wote ule, alikuwa amepanda kwa magoti na viwiko kutoka mdomoni kuja kunichukua.

Tulipotoka, Shangazi alikuwa ameshafika chini. Alishuka ngazi tisini na nne mbio, nondo aliitupa hukohuko juu. Alinibeba hivyo nilivyo, ninatiririka maji, akatembea mpaka nyumbani bila kugeuka. Kesho yake lango likafungwa kwa mnyororo. Yeye hakurudi hata kuchukua viatu vyake vya kubadilisha.

Miaka kumi na moja ikapita. Shangazi akafungua chumba cha kushonea sare za shule, nami nikimaliza shughuli zangu humsaidia kutia vifungo. Dirisha la chumba hicho linatazama bustani. Kila mteja humuuliza kwa nini amegeuzia cherehani ukutani na kuukosa mwanga, naye husema jua linamuumiza macho. Uongo. Hataki kuliona Joka. Mgongo wake bado unaonekana juu ya mapaa, rangi imebabuka, majani yamelitambalia. Wenye njaa ya chuma chakavu waliruka ukuta wakang'oa walichoweza, na kwenye kona ya pili kutoka chini, ileile, walifungua kipande kizima cha sakafu ya bomba ili wapate vyuma vilivyoishikilia. Ukisimama chini yake unaona mbingu kupitia tumbo la Joka. Ni kimo cha nyumba ya ghorofa tatu.

Mama Chini yeye alizeeka upande wa kichwa. Ilianza kwa chumvi kwenye chai. Ikafuata kumwita mkwe wake, mke wa mwanawe, kwa jina la marehemu mama yake. Halafu, mwaka jana, akaanza kuacha kijiko katikati ya chakula. "Kuna mtoto kwenye bomba," anasema. "Mtoto bado yumo."

"Alishatoka, mama," mkwe anamjibu. "Zamani."

"Nani kasema?"

Wakaniita mimi, ushahidi unaotembea. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia, ni mimi, Mama Chini, ulinitoa mwenyewe. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mwendawazimu mpole. "Wewe ni mtu mzima," akasema. "Mimi naulizia mtoto."

Sasa, asubuhi ya siku ninayoisimulia, ilikuwa yapata saa nne. Shangazi alikuwa anakata kitambaa, mkasi wake mkubwa wa chuma unaguguna meza, mimi natia vifungo. Mkwe wa Mama Chini akaingia bila hodi, kanga begani imeshuka, pumzi hana.

"Mama hayupo. Nimetoka kuanika nguo tu. Na ile sare yake ya kazi, ya bluu, haipo kabatini."

Hakuna aliyeuliza kaenda wapi. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Nilitupa vifungo nikasimama. Shangazi hakusimama.

"Nendeni," alisema, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. "Mimi nitabaki hapa. Huenda akapita huku."

Nilikasirika. Nilimwambia neno ambalo sitaliandika, kisha nikatoka mbio.

Mlinzi wa bustani alikuwa kwenye kiti chake kisicho na mgongo. Alikuwa mgeni, ana mwezi mmoja tu. Ndiyo, alisema, mama mmoja amepita, kasema amechelewa kazini.

"Kazini wapi? Hapa kuna kazi?"

"Dada, alikuwa na sare," alijibu, na nikaona kwamba kwake yeye hilo lilitosha. "Nami nikamsalimu shikamoo."

Tulikimbia wote watatu. Majani yalitufika magotini. Kibanda cha tiketi hakikuwa na paa. Bwawa lilikuwa limejaa maji ya mvua ya miaka, kijani kibichi, mazito, huoni hata unyayo wako ndani yake, na kuta zake zina utelezi. Juu ya maji Joka lilikuwa limeachama, meno limebaki nayo mawili. Na kwenye ukingo wa saruji chini ya mdomo, ndala mbili zilikuwa zimepangwa sambamba, visigino vimelingana, kama sheria ya mchezo ilivyotaka: viatu vivuliwe.

Nikasikia, ndani, juu yangu: ngo, ngo.

"Pako wazi, mwanangu. Njoo."

Alikuwa ameshapita kona ya kwanza. Mlinzi, ambaye kwa macho tu ana kilo mia, akashika mdomo wa Joka apande. Bomba lote likalia. Nguzo moja ikatikisika, parafujo ikachomoka ikadondoka bwawani, tubwi. Akaachia kama ameungua. "Tutamwangusha," alinong'ona. Akatoa simu kuwaita zimamoto, nikamsikia akielekeza njia, nikasikia akisema, "Nusu saa? Nusu saa nyingi!" Mkwe alikuwa amekaa chini, mikono kichwani.

Niliingiza kichwa mdomoni mwa Joka. Harufu ya tope na kinyesi cha ndege. Lile giza likanitambua. Naapa lilinitambua, nikawa na miaka tisa tena. Nikalazimisha sauti.

"Mama Chini! Usipande! Mbele pametoboka!"

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Mtoto. Nimeshatoka!"

"Ondoka hapo kwenye mdomo," alisema kwa ile sauti yake ya kazini. "Utaumia mtu akija. Nikimaliza kumtoa mtoto nitakushughulikia."

Ngo, ngo. Kiwiko, goti. Plastiki ikapiga kelele. Alikuwa anakwenda taratibu kama mtu anayejua kazi yake, na alikuwa anakwenda palepale aliponikuta, kona ya pili, palipo na tundu. Mita nne. Labda tatu na nusu.

Nikafikiria lile pigo la kufunga. Niliokota jiwe, nikaigonga nguzo ya ngazi mara tatu kwa nguvu zangu zote.

"Nani anachezea kazi?" sauti ikafoka ndani. "Nguzo hiyo ni yangu! Ya kufunga inatoka juu!"

Nilijua kwamba nitamtazama akifa. Hivyo ndivyo nilivyowaza, kwa maneno hayo. Mtu huyu aliingia shimoni kunichukua na mimi nitasimama hapa na jiwe langu.

"Sikufunga."

Niligeuka. Shangazi alikuwa nyuma yangu, amekuja na aproni yake, tepu ya kupimia bado shingoni. Alikuwa anatetemeka mpaka tepu inatetemeka naye.

"Nini, Shangazi?"

"Siku ile. Nilikubeba nikaondoka. Sikugonga tatu." Alikuwa anautazama mdomo wa Joka, si mimi. "Miaka yote hii anangoja nimwambie hakuna mtu. Yuko kazini bado. Mimi ndiye niliyemwacha kazini."

Akavua viatu. Akavipanga kando ya zile ndala. Nikamshika mkono, nikamwambia ngazi zimeoza, nielekeze nipande mimi. Akaniuliza, "Utaigonga vipi? Wapi?" Kuna mahali kwenye ile pete, na kuna uzito wa mkono, na Mama Chini aliujua mkono wa mwenzake miaka ishirini na miwili. Shangazi akajitoa mikononi mwangu akakanyaga ngazi ya kwanza.

Sijawahi kuogopa namna hiyo, hata nilipokuwa ndani. Ndani niliogopa kwa ajili ya mtu mmoja. Sasa sikio langu moja lilikuwa mdomoni mwa Joka, jicho langu liko mnarani. Alipanda akihesabu kwa sauti. Kumi na moja. Kumi na mbili. Palipokosekana ngazi aliishika reli, akainua mguu na aproni yake, akavuka, akaihesabu na ile isiyokuwepo. Kutu ilinidondokea usoni. Kwenye arobaini alisimama. Aliikumbatia reli kwa mikono miwili, akafunga macho, na nikamsikia akisema peke yake, kama mtoto, "Mama yangu wee. Mama yangu wee."

Ngo, ngo, ndani ya bomba.

"Arobaini na moja," alisema Shangazi.

Nilitaka kumwita, nikaogopa kumshtua. Nilitaka kuomba, nikasahau maneno. Kwenye sabini ngazi ilikatika chini ya mguu wake. Ilishuka ikigonga vyuma mpaka majanini karibu na mkwe, ambaye alipiga ukelele mmoja akajiziba mdomo. Mguu wa Shangazi ulining'inia. Kisha ukapata pa kukanyaga. Themanini. Tisini. Akapotea nyuma ya mwili wa Joka na sikumwona tena.

Nilijua nondo yake haiko. Vitu vya chuma vya kule juu, isipokuwa ile pete iliyobana mkia, vilishabebwa siku nyingi. Ndani, Mama Chini alikuwa ameacha kugonga. "Mbona huku kuna mwanga?" nikamsikia akisema, kwa mshangao. Amefika kwenye tundu. Kiganja chake, nilikiona kwa chini, vidole vinne vya kizee vimeshika ukingo uliokatwa, vinapapasa hewa.

Na pengo hilo ndilo lililonitia hofu mpya: mlio wa pete utafika vipi, kama bomba limekatwa katikati?

Ngooo.

Ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Ulivuka.

Ngooo. Ngooo.

Vidole vikasimama. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha vidole vikarudi ndani, kimoja kimoja.

"Haya," Mama Chini alisema. "Nimesikia."

Akaanza kushuka. Alishuka kinyumenyume, bila haraka, akijizungumzia mambo ya pampu. Nyayo zake zikatokea kwanza, nyeusi kwa tope, nikazikumbatia, nikamvuta kiunoni hadi ukingoni, na magoti yake yalikuwa yamechubuka yote. Nilikuwa nalia kwa sauti. Nilimwambia, mtoto ametoka, Mama Chini, ametoka.

"Najua," alinijibu, ananishangaa. "Juu amesema hakuna mtu. Akisema hakuna, hakuna."

Mkwe alimfunika kanga. Tukataka kumwondoa pale, kando ya maji yale. Akakataa, akasimama imara kama nguzo.

"Mwenzangu bado yuko juu."

Kweli. Shangazi hakuwa ameshuka. Nilimwita. Akajibu kwa sauti nyembamba iliyotoka mbali kwamba hawezi. Mkasi wake wa kazi, aliogongea pete, umemponyoka baada ya pigo la tatu, kaufuata kwa macho mpaka ulipoanguka, na sasa miguu imekataa. Mlinzi akamwambia, mama, tulia, zimamoto wako njiani. Na mnara ulikuwa unalia, kidogo kidogo, kwa uzito wa mtu mmoja aliyekaa juu yake akitetemeka.

Mama Chini akatazama chini, akaliokota jiwe nililolitupa, akaisogelea nguzo yake. Akagonga mara mbili.

Tukasubiri. Juu, kitu kikasogea. Mguu ukatokea, ukaishika ngazi ya kwanza.

Akagonga tena mara mbili. Alimshusha hivyo, ngazi kwa ngazi, jiwe mkononi, uso ameuinua, haonyeshi wasiwasi wowote. Palipokosekana ngazi hakugonga. Alingoja mpaka mguu uvuke, ndipo akagonga. Zimamoto walifika na kengele zao Shangazi akiwa kwenye ishirini, na mlinzi akawanyamazisha kwa mikono.

Alipokanyaga ardhi akakaa majanini palepale. Mama Chini alimsimamia, sare ya bluu imechanika bega, akamtazama kama mtu anavyomtazama mfanyakazi mwenzake ambaye leo amemchosha.

"Umechelewa kufunga," alimwambia.

"Nimechelewa, dada," alisema Shangazi. "Nisamehe."

"Nimekungoja sana."

"Najua."

Mama Chini akalitua jiwe chini ya nguzo, mahali pake, akavaa ndala zake. Kisha akaviinua viatu vya Shangazi, akainama kwa shida, akaanza kumvisha.